Kabla ya kutoa kizazi, kitazamwe kwanza

Kuna wanawake wanaobadilisha pedi kila saa, wanatandika kanga mbili juu ya shuka usiku na bado wanaamka wamelowa. Wengi huvumilia miaka. Wakifika hospitali, wanachokijua ni vidonge vya kukata damu na, vikishindwa, kutoa kizazi. Katikati hapo kuna tiba za upasuaji mdogo, na ubishi juu yake ni wa kweli.

Kwenye uchunguzi sina shaka. Kwa miongo mingi madaktari walikwangua ukuta wa kizazi bila kuona kilichomo, wakapeleka maabara kilichotoka. Kinyama kilichoota pembeni kingeweza kupitwa; mama anaambiwa yuko salama, damu inaendelea. Histeroskopi ni kamera yenye unene wa milimita chache. Hupitishwa kwenye mlango wa kizazi, maji ya chumvi yanapanua nafasi ya ndani, na daktari anaona kwenye skrini. Akikuta kinyama anaweza kukiondoa hapo hapo bila kupasua tumbo, na mgonjwa akalala kwake siku hiyo.

Wanaopinga wana hoja nzito: maumivu. Uingereza, ambako kipimo hiki hufanyika sana bila kaputi, Lyn Brown, alipokuwa mbunge, alilipeleka suala hilo bungeni mara kadhaa kuanzia 2013, akieleza wanawake walioumia vibaya huku wakihimizwa wavumilie. Wapo wasiosikia zaidi ya maumivu ya hedhi. Lakini hakuna anayeweza kujua mapema nani ataumia, kwa hiyo ganzi au kaputi isemwe kabla mama hajapanda kitandani, naye akisema basi, kazi isimame.

Kwenye tiba mambo yanagawanyika. Kuchoma ukuta wa ndani wa kizazi ili damu ipungue huchukua dakika chache tu, lakini karibu mmoja kati ya watano huishia kutolewa kizazi baadaye, hasa walio chini ya miaka 45. Tiba hii haimfai kabisa anayetaka mtoto, maana mimba baada ya hapo ni ya hatari. Kwa uvimbe wa faibroidi upo ufundi wa kuziba mishipa inayoulisha, ulioripotiwa Ufaransa mwaka 1995. Unahitaji wataalamu wa radiolojia tiba, yaani wanaotibu ndani ya mwili wakiongozwa na picha kama za eksirei, na Tanzania mafunzo yao yalianza Muhimbili mwaka 2018 tu. Kwa mama wa wilayani, mwenye watoto wa kutosha na anayepungukiwa damu mwilini kila mwezi, kutoa kizazi kunamaliza hedhi moja kwa moja. Huo si ushamba wa daktari.

Ninachopinga ni kuruka hatua. Kitanzi chenye homoni hupunguza damu sana kwa wengi bila kisu chochote, na bado wapo wasioelezwa habari zake. Mwenye damu isiyoganda vizuri anahitaji vipimo vya maabara, kamera haitamwonyesha kitu. Na aliyekwisha koma hedhi kisha akaona damu, hata tone, achukuliwe kipande kidogo cha ukuta wa kizazi kipimwe saratani kwanza. Ukuta ukichomwa kabla ya kipimo hicho, kovu linaweza kuficha saratani, na damu ambayo ingemrudisha hospitali mapema isitoke tena.