Upana wa kalavati pekee hautoshi
Nimesoma makala inayodai eti kalavati, yaani bomba la kupitisha kijito chini ya barabara, likiwa pana kiasi cha kupitisha maji ya mafuriko, basi na samaki watapanda kijito bila shida. Hapo simuungi mkono mwandishi. Nimesimamia ulazaji wa makalavati kwa miaka kadhaa, na kinachomshinda samaki mara nyingi ni mdomo wa chini: maji yanayotoka kwa kasi huchimba shimo, na baada ya misimu michache ya mvua bomba linabaki likining'inia hewani kama mfereji wa paa. Samaki wengi wadogo hawawezi kuruka hata kimo cha sentimita 20. Hata akiingia, anakuta zege laini, maji ya kina kifupi yanayokimbia, wala hakuna jiwe la kujibanza apumzike, na mbio zake za nguvu ni za sekunde chache tu. Bomba lizamishwe chini ya sakafu ya kijito, lifuate mteremko wake, ndani liwekwe mawe na changarawe. Na pana liwe, ndiyo, lisipungue upana wa kijito kikijaa hadi kingo (mkandarasi atalalamikia gharama, kama kawaida). Kuna aliyewahi kurekebisha kalavati lililokwisha kuning'inia bila kulifukua upya?