Kabla hamjamuuliza daktari ni sentimita ngapi

"Mna swali lolote?" daktari alituuliza, faili tayari limefungwa. Mdogo wangu, aliyekuwa akijiandaa kurefushwa mguu wake mfupi, akanitazama mimi, mimi nikamtazama mama, mama akasema, "Hapana daktari, tunashukuru sana." Tukatoka. Hatujafika hata getini, mdogo wangu akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, hivi nitalalaje na hicho chuma mguuni?"

Swali hilo liliniuma, maana mtu wa kulijibu tulikuwa tumemwacha ndani dakika mbili tu zilizopita.

Tangu siku hiyo, kila ninayekutana naye akijiandaa kurefushwa mguu namkuta na swali moja: wataongeza sentimita ngapi? Naelewa. Aliyekulia mguu mmoja ukiwa mfupi, akichekwa anavyotembea, lazima aanzie hapo. Lakini jibu lake ndilo rahisi kuliko yote. Mfupa unakatwa, unaachwa wiki moja hivi, kisha unavutwa taratibu, kwa kawaida milimita 1 kwa siku, mara nyingi kwa hatua nne za robo milimita. Ndivyo ilivyo tangu daktari wa mifupa Gavriil Ilizarov alipoijenga njia hii kule Kurgan, Urusi. Sentimita 4 ni siku 40. Familia ikisikia siku 40 inaanza kupanga sherehe.

Siku ya 40 mguu una urefu, ila mfupa mpya bado laini. Kwa fremu ya nje, yaani chuma kinachokaa nje ya mguu na kushikwa na pini zinazoingia mfupani, hesabu kwa jumla mwezi mzima au zaidi kwa kila sentimita, na mtu mzima huchelewa kuliko mtoto. Kwa hiyo ulizeni: chuma kitatoka lini, na mtajuaje kwamba mfupa umekomaa?

Halafu kuna misuli, na hapa naomba mnisikilize. Mfupa ukivutwa unaota. Misuli na kano hukaza, na mishipa ya fahamu nayo huchoka kuvutwa. Goti linaanza kukataa kukunjwa au kunyooka, kisigino kinapanda, vidole vinaelekea chini, ganzi inaingia. Mtu anaweza kupata sentimita zake zote akabaki na mguu mrefu usiomkanyagisha vizuri. Kinachomwokoa ni mazoezi ya viungo kila siku, yenye maumivu, kwa miezi. Nani atatufundisha? Mara ngapi kwa siku? Mtaalamu wa mazoezi tutamwona kila baada ya muda gani? Na swali ambalo ningelibandika mlangoni kwa kila daktari wa mifupa: ni dalili gani ikikufikia utapunguza kasi, na ipi itakufanya usimamishe kabisa? Kasi ikizidi, pengo linaweza kubaki bila mfupa; ikipungua mno, mfupa unajiunga mapema na kurudisha watu kwenye chumba cha upasuaji. Daktari anayafahamu hayo vizuri. Mgonjwa naye anastahili kuyafahamu kabla ya kutia saini.

Mengine nayataja upesi. Ulizeni namna ya kusafisha pini, na wekundu upi ni wa kawaida na upi ni maambukizi. Anayevuta sigara aseme ukweli, kwa sababu sigara huchelewesha mfupa kuunga. Kama badala ya fremu ni msumari wa ndani, yaani chuma kinachorefuka kikiwa ndani ya mfupa, ulizeni lini ataruhusiwa kuukanyagia mguu kwa uzito wote. Ulizeni pia kama soli ya kiatu ingetosha, au kwa mtoto anayekua, kama kuna njia ya kupunguza ukuaji wa mguu mrefu. Na muulizeni ameshafanya wangapi, na wangapi walilazimika kurudi kupasuliwa bila kupangiwa. Mama aliona huo ni utovu wa adabu. Mimi sioni hivyo hata kidogo: mguu ni wa mwanawe.

Nakubali, foleni ni ndefu na daktari hawezi kujibu maswali hamsini. Basi chagueni matano, yaandikeni kwenye karatasi, na la kwanza liwe la mgonjwa mwenyewe.

Tulirudi. Safari hii mdogo wangu, mwenye miaka 19, alisoma karatasi yake mwenyewe, mkono ukimtetemeka. Daktari akavuta kiti karibu, akachora mguu wenye fremu, akaonyesha mto unakaa wapi ili goti libaki limenyooka usiku. Mdogo wangu aliutazama mchoro ule kwa muda, kisha akaomba kalamu.

"Daktari," akasema, "kuna lingine sikuliandika."