Kunatisha protini vizuri ni sawa, ila kipimo kifike Kyela kikiwa kizima

Juzi nilibishana na mdogo wangu hapa Uyole, Mbeya, mpaka viazi vikapoa mezani. Yeye anasoma kemia chuoni, karudi likizo na daftari limejaa michoro ya molekuli, mi niko maabara ya kituo cha afya mwaka wa tisa sasa. Hoja yake ni kwamba vipimo vya haraka tunavyotumia vimetengenezwa kizamani, protini zimenatishwa tu kwenye utando kama ugali unavyogandia sufuria, hazina mpangilio wowote, na kama tungezifunga kwa kemia ya kisasa zikasimama zote zinaangalia juu basi vipimo vingekuwa vikali zaidi na vya haraka zaidi. Nikamwambia dogo, una pointi, ila wewe umekiangalia kipimo kikiwa bado kiko kiwandani.

Nianze na pointi yake, maana baada ya kulala nimeona iko sahihi kuliko nilivyokubali siku ile. Chukua MRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria. Ndani ya kile kiplastiki kuna kikaratasi cheupe cha nitroselulosi, na pale mstari unapotokea walipitisha kamstari kembamba ka kingamwili, yaani protini za kinga, zinazokamata protini ya kimelea iitwayo HRP2, wakakakausha, basi. Hakuna gundi. Protini inashika yenyewe, zile sehemu zake zisizopenda maji zinajibana kwenye utando, chaji nazo zinavutana. Ukiweka damu na bafa (yale maji ya kwenye kichupa cha kipimo), vinapita na kubeba kingamwili nyingine zilizobandikwa kwenye chembechembe ndogo mno za dhahabu (ndiyo, ule wekundu ni dhahabu, msianze kukusanya vipimo vilivyotumika mkauze Chunya), HRP2 ikiwepo inashikwa huku na huku, dhahabu inarundikana, ndani ya dakika 15 au 20 mstari unaonekana.

Sasa kingamwili ina umbo la herufi Y na mikono miwili ya juu ndiyo inayokamata. Ukiimwaga tu ikanata, nyingine zinaanguka kifudifudi mikono ikabanwa chini, nyingine zikikauka zinajikunjua zinapoteza umbo, na maji yenyewe yanapita pale kwenye mstari kwa sekunde chache tu, kwa hiyo mkono usioweza kukamata kwa sekunde hizo ni kama haupo. Hapo ndipo dogo anapokuja na dawa zake: kuna protini A ya bakteria inayoshika mkia wa Y kwa hiyo mikono inabaki juu, kuna salfa inayong'ang'ania dhahabu, kuna silani za kuandaa kioo, na kuna biotini na protini iitwayo streptavidini ambazo zikishikana kuziachanisha ni shughuli pevu. Hiyo biotini ni vitamini ileile iliyomo kwenye vidonge vya kukuza nywele na kucha, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba watu wanaomeza nyingi wanaweza kuharibu majibu ya vipimo vinavyotumia mshikano huo. Kwa hiyo dada zangu mnaomeza, mkienda maabara semeni.

Ila kuna kitu dogo alikiruka, na wengi wanakiruka. Kufunga kwa kemia sio sawa na kupanga. Njia inayotumika sana inashika makundi ya amino ya laisini, moja ya vipande vinavyojenga protini, na laisini ziko kila mahali kwenye hiyo Y, mkiani mpaka mikononi, kwa hiyo unaweza kuifunga protini ikakaza kwelikweli halafu ikawa imefungwa kwa mkono uleule uliotaka ukamate. Imekaza na haina kazi. Na ukizijaza nyingi sana sehemu moja zinabanana kama abiria wa kosta ya Tukuyu siku ya gulio, hakuna anayeweza kunyoosha mkono. Alafu uso unaopenda kushika unashika kila kitu, hata visivyotakiwa, ndo maana viwandani wanaufunika kwa protini ya maziwa au albumini ili ile mistari hafifu ya uongo isitokee. Kwa kanda yetu hilo sio dogo, utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, tunapima watu wengi, na mstari hafifu wa uongo kwa mtu aliyekuja anatetemeka sio mchezo hata kama utaratibu unataka kipimo cha pili cha kuthibitisha.

Kuna sehemu mbili nampa ushindi bila kinyongo.

Ya kwanza ni vipimo vya sukari ya damu. Wazo la kuweka kimeng'enya, protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, kwenye elektrodi kupima glukosi lilitoka kwa wanasayansi Clark na Lyons mwaka 1962, na stripu za leo ni watoto wa wazo hilo. Stripu ya kutupa haihitaji kimeng'enya kifungwe sana, inatumika mara moja, tone la damu likiingia kazi imeisha. Lakini zile sensa zinazobandikwa mkononi zikakaa siku 10 mpaka 14 zikisoma muda wote, hapo kimeng'enya kikijiachia kidogokidogo usomaji unapotea, na hapo lazima kifungwe, kwa glutaraldehaidi au ndani ya jeli inayokishika. Kinachokaa muda mrefu kinahitaji kukazwa, hapo sina ubishi.

Ya pili ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, na hii inatugusa sisi watu wa mahindi. Molekuli ya sumukuvu ni ndogo mno, haiwezi kunata yenyewe kwenye utando na haiwezi kushikwa na kingamwili mbili kwa pamoja, kwa hiyo wanaifunga kwanza kwa kemia kwenye protini kubwa, hiyo protini ndo inanatishwa kwenye mstari. Ndo maana kile kipimo kinasomwa kinyume, mstari ukififia au ukipotea maana yake sumu ipo. Nimeshaona mfanyabiashara kashika kistripu anashangilia "hakuna mstari, mzigo safi", nikamwambia mzee, hebu kaa kwanza. Bila ule mfungo wa kikemia hicho kipimo hakipo kabisa.

Lakini palepale kwenye mahindi ndipo hoja yake inapoishiwa pumzi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa kila bilioni kwa sumukuvu zote kwa pamoja, na sumu haijasambaa sawasawa kwenye gunia, punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote. Ukichota kiganja kimoja juu ya gunia ukapima kwa kipimo bora kuliko vyote duniani utapata jibu sahihi kabisa la kile kiganja. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, na Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi yetu kwa hoja hiyohiyo ya sumu. Mi naona hela ya kwanza iende kwenye kuchukua sampuli kwa bambo, kile chuma cha kuchoma gunia, sehemu nyingi za mzigo, kuchanganya na kusaga, ndo tuje kuongelea protini imesimama au imelala.

Na kwenye malaria pia. Mbeya mjini tuko kwenye mita kama 1,700, ukishuka Kyela ziwani unakuta kama 500, joto na unyevu juu, na huko ndo malaria iliko. Vipimo vingi vimeandikwa visizidi nyuzi 30 au 40. Sasa weka katoni kwenye stoo ya bati mwezi wa kumi na moja, au kwenye boksi la bodaboda juani toka asubuhi, alafu mtu afungue pakiti kumi kwa mpigo ili aende fasta, ile silika jeli ibaki inanyonya unyevu wa chumba kizima. Ukipanda Kitulo ni kinyume, asubuhi baridi mpaka mashine ya sukari inagoma inaonyesha kosa la joto, mpaka uikumbatie kwapani kama kifaranga. Protini iliyofungwa kwa kemia inayumba kidogo kuliko iliyonatishwa, nakubali, ila zote mbili zikiiva zimeiva. Mi nafikiri sukari kidogo anayoichanganya mtengenezaji kabla ya kukausha, zile trehalosi, ili protini isijikunjue, na pakiti iliyozibwa vizuri, vinatusaidia huku kuliko mpangilio mzuri wa mikono.

Na kimelea chenyewe hakitusubiri. Peru waliripoti 2010 vimelea visivyo na jini ya HRP2, Eritrea baadaye ikabidi wabadilishe aina ya kipimo. Hata upange kingamwili kwa rula, kama cha kukamatwa hakipo hakipo. Kuna na upande wa pili, HRP2 inabaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo kuongeza ukali tu kunaweza kutuletea mistari mingi ya ugonjwa wa mwezi uliopita.

Kilichomnyamazisha dogo kidogo ni ule mstari wa C, mstari wa uhakiki unaotakiwa kutokea kila mara. Watu wengi, hata wahudumu, wanaamini C ikitokea kipimo ni kizima. Hapana. C inakamata zile kingamwili zenye dhahabu, inakwambia maji yamepita na dhahabu imefika, haikwambii chochote kuhusu kingamwili zilizonata kwenye mstari wa T, ule wa jibu lenyewe. Hizo zinaweza kuwa zimekufa kwa joto, C ikatoka nyekundu safi, mgonjwa akaambiwa hana malaria. Nikamwambia, wewe na kemia yako nitengenezee kitu cha hapo, HRP2 iliyokaushwa kwenye kichupa, kila katoni ikifika zahanati tunapima kimoja kabla ya kuanza kutumia. Akasema hiyo HRP2 nayo itaharibika na joto hilohilo kwenye stoo hiyohiyo, labda aifunge kwenye kitu. Akachukua daftari akaanza kuchora, mi nikaenda kupasha viazi.