Kabla ya kuchanganya mbegu za mbwa wa kuwinda, taja kasoro unayoitibu

Kuchanganya mbegu za mbwa wa kuwinda kuna maana pale tu mfugaji anapoweza kutaja kasoro moja anayotaka kuiondoa. "Greyhound wangu wana kasi, lakini wanachoka haraka na nyayo zao zinapasuka kwenye mawe, nataka damu ya Saluki iwape pumzi na miguu." Hiyo ni sababu. "Nataka mbwa mwenye kila kitu" si sababu, na watoto wanaozaliwa kwa tamaa hiyo ndio wanaoishia mnyororoni uani, kwa kuwa hakuna kazi wanayoimudu.

Tofauti kubwa kuliko zote ni namna ya kuwinda. Wako wanaowinda kwa macho: Greyhound, Saluki, Whippet, Borzoi, Deerhound, Sloughi, Azawakh. Wako wanaowinda kwa pua: Bloodhound, Beagle, Basset, Foxhound, pamoja na ukoo wa Coonhound wa Marekani. Mbwa wa macho humwona mnyama na kumfukuza, na mnyama akishapotea machoni kazi huwa imekwisha. Mbwa wa pua huinamisha kichwa, hufuata harufu iliyobaki ardhini, na hulia njia nzima ili mwindaji ajue alipo.

Kwa hiyo siungi mkono kupandisha mbwa wa pua kwa mbwa wa macho kwa matumaini ya kupata vyote. Mbwa mzuri wa pua hana haraka na macho yake. Kitu kikisogea mbele, yeye bado anathibitisha mstari wa harufu. Mbwa wa macho ameumbwa kuacha yote mara tu kitu kinaposogea. Chotara wao mara nyingi hufuata harufu kwa muda mfupi, kisha huinua kichwa, hukimbia kwenda mbele akitafuta kwa macho, na kuupoteza mstari. Kasi hana ya kutosha, subira pia hana.

Ndani ya kundi la macho kuna tofauti ambazo watu huzipuuza. Greyhound hukaribia kilomita 70 kwa saa, lakini mwili wake ni wa mbio za nusu dakika hivi, si za robo saa. Chembe nyekundu hujaza nusu ya damu yake au zaidi, kiwango kinachoweza kumfanya daktari asiyemzoea adhani mnyama amekaukiwa maji. Dawa ya usingizi ya thiopental hukaa mwilini mwake muda mrefu kuliko kwa mbwa wengine, na mwenye chotara wa Greyhound anapaswa kulisema hilo kabla ya upasuaji wowote. Saluki hamfikii kwa mwendo wa kuanzia, ila huendelea kwa kilomita nyingi, na vidole vyake virefu vyenye manyoya katikati huhimili ardhi mbaya. Lakini Saluki hujiamulia mwenyewe, na akishaanza kufukuza si rahisi kugeuka kwa kuitwa. Anayeongeza Saluki ajue kwamba pumzi na ukaidi vinaingia pamoja.

Deerhound huleta ukubwa na manyoya magumu ya kuhimili baridi na miiba. Wamarekani wamemchanganya na Greyhound kwa ajili ya kufukuza koyote, mbwa mwitu mdogo wa Amerika, na chotara hao ni mbwa wa kazi hasa. Tatizo ni kwamba mbegu zote mbili hupatwa sana na saratani ya mifupa. Kuchanganya hakuponyi ugonjwa ambao pande zote mbili zinao, hata ukoo uwe mbali namna gani.

Kwa mbwa wa pua, tofauti kubwa ni umri wa harufu wanayoweza kuifanyia kazi. Bluetick, mmoja wa Coonhound, hutembea polepole na huweza kufungua njia iliyopoa kwa saa kadhaa. Treeing Walker, Coonhound mwingine, hutaka harufu mpya, hukimbia nayo, na huruka kwenda mbele inapokatika. Hawa wawili waliandikishwa pamoja na English Coonhound hadi United Kennel Club, chama cha Marekani kinachoandikisha mbwa, ilipomtenga Walker mwaka 1945 na Bluetick mwaka 1946. Tofauti ya mtindo ilitosha kugawa daftari la ukoo. Hapa ndipo chotara huwa na faida: Walker anayepandwa na Bluetick huweza kuzaa watoto wenye mwendo wa kutosha na pua isiyokata tamaa, kwa sababu wazazi wote wawili wanafanya kazi ileile kwa viwango tofauti.

Kinachowaponza wengi ni kizazi cha kwanza. Kila mtoto hupokea seti moja kamili ya jeni kutoka kwa kila mzazi, hivyo watoto hufanana, huwa na afya, na mara nyingi huwazidi wazazi wao. Mfugaji hufurahi, hupandisha chotara kwa chotara, na hapo ndipo mambo hutawanyika. Katika wajukuu seti hizo huchanganywa upya: mmoja mrefu, mwingine mfupi, mmoja analia kwenye harufu, mwingine kimya, mmoja ana miguu ya Saluki na akili ya Greyhound, mwingine kinyume chake. Atakayepandisha chotara kwa chotara awe na nafasi ya kulea na kujaribu watoto wengi, na awe na makazi ya uhakika kwa wale ambao hawatafaa. Asiyenavyo aishie kizazi cha kwanza, au arudishe damu.

Kurudisha damu ndiyo njia ninayoitetea. Chotara hupandishwa kwa mbegu unayotaka kuihifadhi, na damu ya kigeni hushuka kutoka asilimia 50 hadi 25, kisha 12.5, kisha 6.25. Katika kila kizazi unabakiza wale tu wenye sifa uliyoifuata. Mwishoni mwa karne ya 19, Sir Edward Curre wa Monmouthshire aliingiza damu ya mbwa wa Wales katika Foxhound wa Kiingereza, wakati ambapo mtindo wa maonyesho ulikuwa unapendelea mbwa wazito mno wa mifupa. Alipata mbwa wepesi, wenye pua na sauti, na damu hiyo ilikuja kuenea katika makundi mengi. Katika miaka ya 1890 Everett Millais alimchanganya Basset dhaifu na Bloodhound kwa kupandikiza shahawa, kisha akarudi kwa Basset. Mfano ulio wazi zaidi hautoki kwa mbwa wa kufukuza: mwaka 1973 Robert Schaible alimpandisha Dalmatian kwa Pointer mara moja tu, kwa sababu Dalmatian safi walikuwa wamepoteza kabisa nakala isiyo na hitilafu ya jeni ya kushughulikia asidi ya uriki. Baada ya hapo alirudi kwa Dalmatian kizazi baada ya kizazi, akiibeba jeni hiyo moja.

Kuna jeni chache zinazotakiwa kupimwa kabla dume na jike hawajakutana. Whippet mwenye nakala moja ya hitilafu ya myostatin, jeni inayozuia misuli kukua kupita kiasi, huwa na kasi zaidi. Mwenye mbili huvimba misuli kupita kiasi na hafai mbio. Wazazi wawili wenye nakala moja moja watazaa, kwa wastani, robo ya watoto wa namna hiyo. Kwa Lurcher, yaani chotara wa Greyhound na mbwa wa kuchunga kondoo wa damu ya Collie, pima hitilafu ya MDR1, jeni inayokinga ubongo dhidi ya baadhi ya dawa, kwa kusugua pamba ndani ya shavu. Mwenye hitilafu hiyo huweza kutetemeka, kupofuka na kufa kwa ivermektini, dawa ya minyoo na upele. Kipimo cha kuzuia minyoo ya moyo, mikrogramu 6 kwa kilo, hakimdhuru. Kinachoua ni vipimo vya kutibu upele, mikrogramu 300 na zaidi, hasa mtu anapotumia sindano ya ng'ombe kwa kukisia.

Basset ana jeni mbili za ufupi, na ile iliyo kwenye kromosomu ya 12 hukausha diski za uti wa mgongo mapema. Nakala moja inatosha kuongeza hatari ya diski kupasuka. Ukimchanganya na mbwa mrefu unapata mgongo mrefu, uzito zaidi, na hatari ileile. Sioni kazi inayodai mbwa huyo.

Rhodesian Ridgeback ana hadithi ya kinyume. Mstari wa manyoya mgongoni huonekana hata kwa nakala moja ya jeni, na nakala mbili huongeza hatari ya kijishimo kinachotoka kwenye ngozi kuelekea uti wa mgongo. Mtoto asiye na mstari hana upungufu wowote wa kazi. Wafugaji waliowaua watoto hao walikosea vibaya.

Kwa upande wa kupandisha, jike na awe ndiye mkubwa kati ya wawili, mwenye umri wa miaka 2 au zaidi, nyonga zikiwa zimepigwa picha. Usihesabu siku za damu peke yake; pima homoni ya projesteroni katika damu. Mayai hutoka inapofika takriban nanogramu 5 kwa mililita, nayo huhitaji siku mbili kukomaa. Pandisha siku ya pili baada ya hapo na urudie baada ya saa 48. Kuzaa hutarajiwa siku ya 63 tangu mayai yatoke, na ukihesabu kuanzia siku ya kupandwa unaweza kukosea kwa siku kadhaa, kosa zito jike anapochelewa na msaada unahitajika.

Jaribio la kwanza la watoto wa pua lifanyike wakiwa na wiki 12. Buruta kipande cha ngozi ya mnyama kwa mita 50, upepo ukiwa mgongoni kwako ili mtoto asiipate harufu hewani, subiri dakika 10, kisha mwachie mmoja mmoja. Usitazame nani anafika kwanza. Tazama anafanya nini anapoupoteza mstari: anayezunguka pale pale kichwa kikiwa chini ana pua na subira, anayeinua kichwa na kukukimbilia bado hajaonyesha kitu, mrudie baada ya wiki mbili. Kwenye miezi mitano ongeza hadi mita 200 na kona moja ya mraba, na subira ya nusu saa. Andika matokeo ya kila mtoto, pamoja na wale uliowatoa, kwa maana bila rekodi za waliofeli huwezi kujua ni mzazi yupi aliyeleta kasoro unayoiona kwa wajukuu.