Mizizi, vidonge na hofu ya ghafla

Mtu anayeshikwa na hofu ya ghafla hapa Tabora huwa ameshaupa ugonjwa wake majina kadhaa kabla hajafika popote. Presha imepanda. Moyo unakwenda mbio. Ana mawazo. Kuna mtu kamchezea. Akienda hospitali, kipimo cha moyo kinatoka safi, presha iko sawa, malaria hamna, anaambiwa haumwi. Akienda kwa mganga anaambiwa anaumwa, na anarudi nyumbani na fungu la mizizi ya kuchemsha. Wasomi wetu wakisikia habari hiyo husimama upande wa hospitali papo hapo na kuuita ule mwingine ushirikina. Naona wameharakisha kuhukumu, ingawa tahadhari zao ni za kweli na haifai kuzipuuza.

Tuanze na dakika kumi. Hofu ya aina hii hupanda kwa kasi, hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka yenyewe, mara nyingi kabla nusu saa haijaisha. Katika muda huo mtu anatetemeka, jasho linamtoka, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, naye anaamini kabisa kwamba anakata roho. Sasa piga hesabu ya kuwasha mkaa, kuchemsha mizizi na kuipoza mpaka inyweke. Kikombe kinapofika mdomoni, kilele kimeshapita. Mnywaji atakuambia dawa imemtoa kaburini, na hasemi uongo, kwa kuwa ndivyo alivyoona. Lakini kidonge cha diazepamu, dawa ya hospitali ya kutuliza wasiwasi, nacho kikimezwa huchukua nusu saa au zaidi kufanya kazi sawasawa, hivyo nacho husifiwa kwa utulivu ambao ungekuja bila chochote. Hata bodaboda iliyomkimbiza hospitali inapata sifa hiyo hiyo, maana anafika mapokezi moyo umeshatulia. Ushuhuda wa "nilikunywa nikapona palepale" hauuthibitishi mzizi, na hauthibitishi kidonge. Anayewacheka wanywaji wa mitishamba kwa hoja hii aitumie pia kwa vidonge alivyoficha kwenye mkoba.

Uzito wa ugonjwa uko kwingine, kwenye siku zinazofuata. Mtu anaacha kupanda basi la kwenda Nzega. Sokoni hakanyagi. Msikitini au kanisani anakaa karibu na mlango. Usiku hazimi taa. Anaiogopa hofu yenyewe, na woga huo ndio unaoiita tena. Tiba ya hofu ipimwe hapo, katika majuma na miezi hiyo, na hapo ndipo mganga wa mitishamba aliye makini anapofanya kazi kubwa kuliko anavyohesabiwa.

Tazama anachokifanya. Anamkalisha mgonjwa na kumuuliza habari za ndoa, msiba, deni, tumbaku iliyokosa bei. Hamwambii kwamba haumwi. Anampa dawa ya asubuhi na jioni, pengine unga wa mizizi uliokorogwa kwenye asali au uji, na anamwambia arudi. Ndugu wa mgonjwa anapewa kazi ya kuchemsha, na tangu hapo nyumba nzima inajua kuwa huyu anaumwa wala hajifanyi. Kisha inakuja miiko. Waganga wengi hukataza pombe, na wengine hukataza sigara na kahawa. Kafeini huweza kuamsha hofu ya ghafla kwa mtu mwenye ugonjwa huu, nikotini hupandisha mapigo ya moyo, na pombe inayomtuliza mtu usiku humwamsha alfajiri na wasiwasi mkubwa zaidi. Katika mkoa unaolima tumbaku, na kwa vijana wa bodaboda wanaokesha kwa vinywaji vya kuongeza nguvu, mwiko huo peke yake unaweza kuwa nusu ya tiba.

Kwamba kusikilizwa kunatibu si dhana ya waganga tu. Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mitaani mjini Harare kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kuyapanga matatizo yao moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ukihusisha watu 573 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliokaa na bibi hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hawakuwapa majani wala vidonge.

Na miti yenyewe je? Ushahidi upo kwa baadhi, mdogo lakini wa kweli. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Marekani waliwapa watu wenye wasiwasi wa kudumu vidonge vya kamomili, ua linalonywewa kama chai, kwa majuma manane, nao wakapata nafuu ya wastani kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mafuta ya kumeza ya lavenda, ua lenye harufu nzuri, nayo yamepimwa yakafanya vizuri. Zote mbili zilipimwa zaidi kwa wasiwasi wa kila siku, ambao si sawa na hofu inayolipuka. Mchaichai wetu, unaosifiwa kwa kuleta usingizi, ulipimwa kwa watu nchini Brazil na matokeo yakachapishwa mwaka 1986: haukuwadhuru, na haukuwaletea usingizi wala utulivu uliotarajiwa. Anayeupenda aendelee kuunywa, ni chai nzuri.

Upande wa pili una hoja nzito. Mti kuwa wa asili hakuufanyi uwe salama. Kava, mzizi wa visiwa vya Pasifiki, unapunguza wasiwasi kweli, lakini Ujerumani iliupiga marufuku mwaka 2002 kwa hofu ya kuharibu ini, na ilichukua hadi 2014 mahakama kuitengua amri hiyo. Mmea unaoitwa St John's wort hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Dawa iliyotiwa kwenye chupa ya maji isiyo na lebo haisemi kipimo chake. Zaidi ya hapo, tezi ya shingo ikizidisha homoni huleta moyo mbio, jasho na kutetemeka vilevile, na mganga hana namna ya kuipima.

Kuna jambo baya kuliko yote hayo: mganga anayeitibu hofu kwa kumtaja jirani. Ukanda huu unayajua matunda ya ramli chonganishi, vikongwe kuuawa na ndugu zetu wenye ualbino kuwindwa, hadi serikali ikatangaza Januari 2015 kuwapiga marufuku wapiga ramli. Huyo siwezi kumtetea kwa neno lolote. Lakini sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002 ilishaweka baraza la kusajili waganga, na kumchanganya aliyesajiliwa na mpiga ramli ni kumwonea.

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na magonjwa ya wasiwasi, na takribani mmoja tu kati ya wanne wanaohitaji tiba huipata. Hao watatu waliobaki hatuwapunguzi kwa kuwaambia waache mizizi, wakati hospitali ya akili wanayoijua kwa jina ni Mirembe, Dodoma, ambako hakuna anayetaka aonekane akipelekwa. Diazepamu haiwezi kuwa jibu, kwani inazoeleka, na mwongozo wa shirika hilo wa 2023 hauipendekezi kwa magonjwa haya. Kinachopendekezwa ni mazungumzo ya tiba, na dawa kama fluoxetini ambazo huchukua majuma kadhaa kuleta nafuu na zinahitaji mtu wa kumfuatilia mgonjwa.

Kwa hiyo mwenye hofu hizi apimwe kwanza hospitali, moyo, damu na tezi. Vikiwa safi na akataka kwenda kwa mganga, aende kwa aliyesajiliwa, na amwambie nesi anachokunywa, hasa kama anatumia ARV, dawa za kifua kikuu au vidonge vya uzazi. Nesi naye amsikilize bila kumkaripia, kwa maana akikaripiwa leo, kesho hatasema. Mganga akimwambia aache dawa za hospitali, au akianza kutaja majina ya watu, aondoke hapo hapo.