Jinsi Mwalimu Scopes Alivyonusurika Kitanzi

Mchezo wa kuigiza wa mtu mmoja una raha zake. Hakuna waigizaji wa kugombania chumba cha kuvalia, hakuna wa kuchelewa mazoezi. Shida ni kwamba huyo mmoja akipotea njia jukwaani, hana mwenzake wa kumrudisha.

Wetu alikuwa mzee mmoja mwenye sauti nzito, na alikuwa anaigiza Clarence Darrow, yule wakili wa Marekani ambaye mwigizaji Henry Fonda alimwigiza kwenye majumba makubwa ya Broadway, New York, mwaka 1974. Sisi hatukuwa Broadway. Tulikuwa kwenye ukumbi mdogo huko Ohio, jimbo alikozaliwa Darrow mwaka 1857, kwa hiyo watazamaji walikuja kama watu waliokuja kumwona mjomba wao. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya pazia na mswada mapajani, mzee akisahau nimnong'oneze. Mzee hakuwa anasikia vizuri sikio la kushoto. Kiti changu kiliwekwa kushoto.

Yeye hakuwa na wasiwasi. Mezani jukwaani palikuwa na vitabu vikubwa vya sheria, na ndani ya kila kimoja alikuwa amebandika karatasi za maneno yake: kesi ya Haywood, kiongozi wa wafanyakazi, ya mwaka 1907 kitabu chake, ya Chicago chake, ya Dayton chake. Akikwama, anafungua kitabu kama wakili anayetafuta kifungu. Ujanja mzuri sana, mpaka mchana wa onyesho mtu wa usafi, kwa moyo mweupe kabisa, alipovipanga vitabu vile kwa ukubwa.

Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri. Mzee alivuta mikanda yake ya mabegani, akachezea sigara (inasimuliwa kwamba Darrow alichomeka waya ndani ya sigara ili jivu lisianguke na wazee wa baraza walikodolee macho badala ya kumsikiliza wakili wa upande wa pili), na watu wakacheka panapotakiwa. Tukaingia Dayton, Tennessee, Julai 1925. Mwalimu kijana, John Scopes, anashtakiwa kwa kufundisha kwamba binadamu ametokana na viumbe wa chini yake. Jua kali, kesi imehamishiwa nje kwenye nyasi, Darrow anambana William Jennings Bryan, mwanasiasa wa upande wa mashtaka, kwa maswali ya Biblia. Hapo mzee akakwama. Akafungua kitabu.

"Mheshimiwa," akasema kwa uchungu, "hawa ni watoto!"

Nikaruka kwenye kiti. Hiyo ilikuwa Chicago, 1924: Leopold na Loeb, vijana wa miaka 19 na 18 waliomuua mtoto wa miaka 14, na Darrow akamsihi jaji siku kadhaa asiwanyonge. Scopes alikuwa mmoja tu, na kosa lake halikuwa na kamba hata kidogo. Isitoshe, kule Dayton Darrow mwenyewe ndiye aliyeliomba baraza limtie mteja wake hatiani, ili apate kukata rufaa.

Nikanong'ona. Nikanong'ona kwa nguvu. Mwishowe nilikuwa napiga kelele, na safu ya mbele ilikuwa inanisikia vizuri kuliko yeye. Mzee akaendelea kuwaombea uhai watoto wake wawili. Mama mmoja akatoa leso. Nikasikia mumewe akimuuliza, "Wawili? Kwani Scopes ana pacha?" Akaambiwa anyamaze.

Sasa tukio lililofuata lilikuwa faini. Mzee akishamaliza kulia kuhusu kitanzi, atawaambiaje watu kwamba ni dola 100? Nikachukua karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa: DAYTON. SCOPES. FAINI DOLA 100. HAKUNA KUNYONGA. Kisha nikaingia jukwaani, na fulana yangu nyeusi na kandambili miguuni, na mchezo wa mtu mmoja ukawa wa watu wawili.

Mzee alinitazama kama ninavyotazamwa na watu wa uhamiaji. Akaipokea karatasi, akaisoma, akanyamaza. Nilidhani amezimia kwa ndani. Kumbe mwigizaji mzuri hafi kirahisi. Akanyanyua mkono juu:

"Mabwana! Nimeletewa habari na tarishi wa mahakama. Mteja wangu hanyongwi!"

Ukumbi ukalipuka. Watu walisimama, yule mama akamkumbatia mumewe, na mimi nikajikuta nainama kwa heshima kama niliyeandika hukumu mwenyewe. Mzee akanisukuma taratibu kuelekea kwenye pazia, huku akitabasamu kwa meno ya mbele tu.

Mwisho wa onyesho watu walinifuata kunipongeza. Mmoja alitaka kujua nimefanya mazoezi ya nafasi ya tarishi kwa muda gani. Lakini palikuwa na babu mmoja, mwalimu mstaafu wa historia, aliyesubiri wote waondoke. Akanishika bega.

"Kijana, hata hiyo karatasi yako haijakamilika. Mahakama ya Juu ya Tennessee ilifuta hukumu hiyo mwaka 1927, kwa sababu faini iliyozidi dola 50 ilitakiwa kupangwa na wazee wa baraza, na jaji aliipanga mwenyewe."

Nikamshukuru. Akanyoosha mkono, nikadhani ananipa wa kwaheri. Alikuwa ananionyesha tiketi, anataka arudishiwe nusu.