Mto ukinyamaza, nani aambiwe?

Usiku wa Jumamosi, tarehe 30 Julai 2022, mto Nabuyonga uliingia mjini Mbale, mashariki mwa Uganda. Mimi niliujua kwa miguu: nilishuka kitandani gizani nikakanyaga maji, ndara zangu zinaelea kuelekea mlangoni. Watu zaidi ya 20 walikufa katika mafuriko yale. Simu yangu ilikuwa na chaji na mtandao ulikuwepo, lakini haikulia hata mara moja.

Siku chache kabla nilikuwa nimesoma kwamba mvua kubwa inatarajiwa ukanda wa mlima Elgon. Lakini ukanda wa Elgon ni wilaya ngapi? Mama anayeuza nyanya Namatala, hapa Mbale, akisikia hivyo afanye nini, afunge kibanda aende wapi? Kwangu mimi, maneno yasiyotaja mto upi, saa ngapi, na watu wakimbilie wapi, ni habari tu. Hayajawa onyo.

Kinachoniuma ni kwamba njia ipo. Meseji ya kawaida hupelekwa namba kwa namba, na usiku ambao kila mtu anampigia ndugu yake, hukwama. Lakini mnara wa simu unaweza pia kurusha ujumbe mmoja kama redio inavyorusha matangazo, ukapokewa kwa pamoja na simu zilizo chini ya mnara huo, bila kuhitaji namba ya mtu yeyote. Simu hulia kwa mlio wake wa pekee hata ukiwa usingizini. Minara ya Mbale ingeweza kuwaamsha watu wa Mbale bila kumshtua mtu wa Gulu. Uholanzi wanaitumia njia hii tangu 2012. Sisi, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, tuna kituo cha taifa cha kuratibu dharura tangu 2014. Basi kiunganishwe na minara, na ujumbe uje kwa Kigisu, Kiganda, Kiteso na Kiswahili, kwa sababu hakuna anayetafsiri Kiingereza maji yakiwa magotini.

Hata hivyo, mnara hauoni mto. Anayeuona ni mtu.

Shangazi yangu anaishi Bulucheke, Bududa, mlimani. Jioni moja ya mvua alinipigia simu: "Mwanangu, mto umenyamaza." Mvua ilikuwa haijakatika, lakini kijito kilicho chini ya shamba lake la kahawa kilikuwa kimepungua ghafla, na maji machache yaliyobaki yamekuwa tope zito. Hakungoja kuambiwa na mtu. Aliwabeba wajukuu akapanda nao mgongo wa kilima, akalala kwa jirani. Watu wa kule wanajua kwamba maji yakipungua huku mvua inanyesha, udongo umeziba njia huko juu, na kitakachofuata ni mawe na matope kwa pamoja. Wanajua pia maana ya ufa mpya shambani, au mlango uliofunga vizuri jana na leo umegoma.

Tarehe 11 Oktoba 2018, udongo uliangukia mto Suume, na mto ukayashusha matope na mawe hadi Bukalasi, huko huko Bududa. Zaidi ya watu 40 walipotea duniani siku hiyo. Kati ya pale ulipoporomoka mlima na pale walipokuwa watu palikuwa na umbali, na umbali huo ni dakika. Dakika hizo ndizo ninazozililia.

Vijito vya Bududa hulisha mto Manafwa, na Manafwa hushuka mpaka mashamba ya mpunga ya Butaleja, ambako mwaka 2014 vilifungwa ving'ora vya nguvu ya jua vya kuonya mafuriko. Shangazi yuko juu, king'ora kiko chini, na maji ni yale yale. Nilimuuliza kama ana namba ya kupiga akiona mto umenyamaza. Akaniambia anayo moja tu, ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Nikampigia mwenyekiti. Yeye hana namba ya mtu yeyote wa Butaleja.